Ali Al-Habsi: mlinda mlango wa Omani na nafasi yake miongoni mwa wenzake

Ali Al-Habsi, aliyezaliwa tarehe 30 Desemba 1981 katika wilaya ya Al-Mudhaibi, ni mlinda mlango mstaafu wa timu ya taifa ya Omani na Mwomani wa kwanza kucheza katika Ligi Kuu ya Uingereza. Alidakia Lyn ya Oslo, Bolton Wanderers, Wigan Athletic, Reading, na Al-Hilal ya Riyadh. Alikuwa golini Omani ilipotwaa Kombe la Ghuba kwa mara ya kwanza mwaka 2009, na kwa miaka mingi alikuwa nahodha wa taifa. Alistaafu mwaka 2020.

Jina lake halikosi kutajwa katika nyumba zetu hapa Ghuba, hasa siku ya mechi, wazee na vijana wanapokaa pamoja mbele ya runinga. Wazee humtaja kama vile hajapata kutokea mwingine. Vijana huuliza: ametwaa makombe mangapi? Mbona miaka yote ile Bolton alikaa benchi? Wigan si ilishuka daraja? Maswali hayo ni ya haki na yanastahili kujibiwa kwa tarehe na hesabu. Mimi nilikuwa karani maisha yangu yote ya kazi, na nimezoea daftari lenye pande mbili, la kuingia na la kutoka. Makala haya yanafuata desturi hiyo.

Kutoka Al-Mudhaibi hadi Oslo

Al-Mudhaibi iko Sharqiya, upande ule ule wa Omani ambako familia nyingi zilizokwenda Unguja, Pemba na Bara zilitokea. Al-Habsi alianzia klabu ya kwao, kisha akachezea Al-Nasr ya Salala. Soka ya Omani wakati huo haikuwa ya kulipwa kwa maana tunayoijua leo; mchezaji alikuwa na kazi yake, na mpira ukaja baada ya kazi. Yeye alikuwa mzima moto katika uwanja wa ndege wa Seeb, ambao leo ndio Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Maskati.

Aliyemwona mapema ni John Burridge, kipa wa zamani wa Uingereza aliyekuja Omani kufundisha walinda mlango wa timu ya taifa. Burridge alishawishika kwamba kijana huyu anaweza kudaka Uingereza, akaanza kumtafutia nafasi. Kizuizi kilikuwa kibali cha kazi. Sheria za Uingereza zilitazama mchezaji ametoka taifa gani na taifa hilo limekaa wapi katika orodha ya FIFA, na Omani haikuwa juu katika orodha hiyo. Hivyo njia ya moja kwa moja ilifungwa.

Mwaka 2003 akaenda Norwei, klabu ya Lyn mjini Oslo. Huko alidaka katika baridi ambayo mtu wa Sharqiya hakuzaliwa nayo, na mwaka 2004 akachaguliwa mlinda mlango bora wa mwaka nchini humo. Jambo hili husahauliwa sana katika mabishano yetu. Kabla Uingereza haijamjua, ligi moja ya Ulaya ilikwisha kumtangaza kuwa wa kwanza katika kazi yake.

Bolton: miaka ya kungoja

Bolton Wanderers walimsajili Januari 2006. Golini pale palikuwa na Jussi Jääskeläinen, Mfini aliyekuwapo klabuni tangu mwaka 1997 na aliyehesabiwa miongoni mwa makipa thabiti wa ligi. Kwa kipa, nafasi ni moja tu. Mshambuliaji wa akiba huingizwa dakika ya sabini akafunga bao na jina lake likaandikwa; kipa wa akiba hungoja mwenzake aumie au apewe kadi nyekundu.

Al-Habsi alingoja zaidi ya mwaka mmoja na nusu kabla ya kucheza mechi yake ya kwanza ya mashindano kwa klabu hiyo, msimu wa 2007 hadi 2008. Msimu huo alidaka pia katika Kombe la UEFA, ikiwemo sare ya 2–2 nyumbani kwa Bayern München, Novemba 2007. Katika majira ya kuchipua ya 2008, Jääskeläinen alipoumia, ndipo alipocheza Ligi Kuu kwa mara ya kwanza. Lakini mwenye nafasi aliporudi, naye alirudi benchi.

Hapa upande wa kutoka wa daftari uandikwe bila kuficha: kuanzia Januari 2006 hadi kiangazi cha 2010 alicheza mechi chache sana za ligi. Kijana anayesema alikaa benchi anasema kweli.

Wigan: miaka ya kazi

Mwaka 2010 alikwenda Wigan Athletic kwa mkopo, na mwaka uliofuata akasajiliwa moja kwa moja. Wigan ilikuwa klabu ndogo miongoni mwa kubwa, ikipigana kila mwaka isishuke. Kipa wa timu kama hiyo hupigwa mashuti mengi kuliko kipa wa Manchester au Chelsea, na kila kosa lake huonekana.

Msimu wake wa kwanza, Wigan ilibaki Ligi Kuu siku ya mwisho kabisa, tarehe 22 Mei 2011, kwa kuifunga Stoke City 1–0 ugenini. Al-Habsi alichaguliwa mchezaji bora wa mwaka wa klabu.

Msimu uliofuata ulikuwa mkubwa zaidi. Wigan walikuwa mkiani majira ya baridi, kisha wakashinda mechi saba kati ya tisa za mwisho. Waliwafunga Liverpool kwao Anfield, Manchester United nyumbani, Arsenal kwao London, na Newcastle mabao manne kwa bila. Golini alikuwa Mwomani. Kwenye mikwaju ya penalti alijijengea sifa yake mwenyewe: alimzuia Carlos Tévez wa Manchester City Septemba 2011, na Javier Hernández wa Manchester United, pale Old Trafford, Septemba 2012. Kwa ujumla alicheza mechi zaidi ya 100 za Ligi Kuu ya Uingereza, nyingi akiwa na Wigan.

Kisha ukaja Mei 2013. Tarehe 11 Wigan waliifunga Manchester City 1–0 katika fainali ya Kombe la FA, Wembley, bao la Ben Watson dakika za nyongeza. Siku hiyo golini alikuwa Joel Robles, na Al-Habsi alikuwa benchi. Siku tatu baadaye Wigan walifungwa 4–1 na Arsenal, wakashuka daraja. Katika juma moja klabu ilipata kombe kubwa kuliko yote katika historia yake na ikapoteza nafasi yake katika ligi, naye akayaona yote mawili akiwa amekaa.

Reading, Riyadh, na mwisho

Wengi walidhani hadithi imekwisha. Mwaka 2015 alijiunga na Reading, daraja la pili, akawa tena kipa nambari moja. Msimu wa 2016 hadi 2017, akiwa na umri wa miaka 35, Reading walimaliza wa tatu na wakafika fainali ya mchujo wa kupanda Ligi Kuu, tarehe 29 Mei 2017, Wembley, dhidi ya Huddersfield Town. Mechi ilikwisha bila bao. Katika matuta Al-Habsi aliuzuia mkwaju wa Michael Hefele, na Reading wakatangulia. Lakini wachezaji wawili wa Reading wakakosa yao, na Huddersfield wakapanda kwa 4–3.

Anayetaka kujua maana ya kuwa kipa na atazame matuta ya siku hiyo. Yeye alitimiza kazi yake, na bado akatoka uwanjani ameshindwa.

Kiangazi hicho hicho Saudia iliruhusu klabu zake kusajili makipa wa kigeni, akaenda Al-Hilal, ambao walitwaa ubingwa wa ligi msimu wa 2017 hadi 2018. Majeraha yakamzuia kwenda Kombe la Asia la 2019. Baadaye alirudi Uingereza kwa muda mfupi, West Bromwich Albion, akastaafu mwaka 2020.

Kombe la Ghuba

Kwa watu wa Ghuba, kombe hili lina uzito ambao mgeni hauelewi. Ni majirani kwa majirani, na kushindwa huzungumzwa sokoni na makazini kwa miezi. Kabla ya kizazi cha Al-Habsi, Omani ilikuwa timu ya kumalizia orodha. Kizazi hicho kilifika fainali ya Desemba 2004 mjini Doha, wakashindwa na Qatar kwa matuta. Wakafika tena 2007 mjini Abu Dhabi, wakafungwa 1–0 na Falme za Kiarabu. Mara mbili mkononi, mara mbili ikaponyoka.

Januari 2009 kombe lilichezewa Maskati. Omani walitoka sare bila bao na Kuwait, wakaifunga Iraki 4–0, Bahrain 2–0, na Qatar 1–0 katika nusu fainali. Tarehe 17 Januari walikutana na Saudia. Mlinda mlango wa Saudia, Waleed Abdullah, naye hakuwa amefungwa hata bao moja hadi siku hiyo. Makipa wawili wasiofungwa walikabiliana kwa dakika 120, wakamaliza 0–0, na Omani ikashinda kwa matuta 6–5. Usiku ule nilikuwa nyumbani kwa shemeji yangu Ruwi. Honi za magari hazikunyamaza mpaka alfajiri, na hakuna aliyelalamika.

Al-Habsi alichaguliwa mlinda mlango bora wa mashindano hayo. Alikuwa amekwisha kuchaguliwa hivyo katika mashindano matatu yaliyotangulia, hivyo ilikuwa mara ya nne mfululizo.

Akilinganishwa na wenzake wa Ghuba

Jina la kwanza kuwekwa mezani ni Mohammed Al-Deayea wa Saudia. Kwa hesabu, Al-Deayea yuko mbele. Alicheza Kombe la Dunia la 1994, 1998 na 2002, alitwaa Kombe la Asia la 1996, na mechi zake za taifa ni zaidi ya 170. Al-Habsi, mwenye mechi za taifa zaidi ya 100, hakucheza Kombe la Dunia. Mara alipokaribia ni katika mechi za kufuzu 2014: Omani ilifika raundi ya mwisho na ikawa na matumaini mpaka siku ya mwisho, tarehe 18 Juni 2013, ilipofungwa 1–0 na Jordan mjini Amman. Lakini Al-Deayea maisha yake yote ya mpira aliyamaliza katika klabu za Saudia.

Wa pili ni Sami Al-Jaber, mshambuliaji wa Saudia aliyekwenda Wolverhampton Wanderers mwaka 2000. Wolves walikuwa daraja la pili wakati huo, na alicheza mechi chache tu kabla ya kurudi kwao, alikoendelea kuwa nyota na kucheza Kombe la Dunia mara nne. Wa tatu ni Omar Abdulrahman wa Falme za Kiarabu, anayeitwa Amoory, mchezaji bora wa Asia wa mwaka 2016. Alifanya majaribio Manchester City mwaka 2012, lakini hakuhamia Ulaya. Kwa kipaji cha miguu, pengine Ghuba haijapata mwingine kama yeye katika kizazi chake.

Wazee walisema mcheza kwao hutunzwa. Hawa watatu walitunzwa kwao, na haki yao. Al-Habsi alichagua kwenda kuchezea ugenini, mahali ambapo hakuna aliyejua Al-Mudhaibi iko wapi, na akakaa Uingereza zaidi ya miaka kumi. Hilo hakuna mchezaji wa Kiarabu wa Ghuba wa wakati wake aliyelifanya.

Akilinganishwa na Waomani wenzake

Kwa mechi za taifa, wa kwanza ni Ahmed Mubarak, maarufu Kano, aliyepita mechi 170. Kwa mabao ya ubingwa wa 2009, wa kwanza ni Hassan Rabia, mfungaji bora wa mashindano hayo. Imad Al-Hosni aling'ara Jeddah akiwa na Al-Ahli na kupendwa na watu wasiokuwa Waomani. Kila mmoja wao ana ukurasa wake.

Na hata golini Al-Habsi hakubaki peke yake. Tarehe 5 Januari 2018, mjini Kuwait, Omani ilitwaa Kombe la Ghuba kwa mara ya pili, tena kwa matuta, dhidi ya Falme za Kiarabu. Golini alikuwa Faiz Al-Rushaidi. Alimzuia Amoory penalti dakika za mwisho za mechi, kisha akamzuia tena kwenye matuta. Anayesema Omani bila Al-Habsi haina kipa, na aikumbuke siku hiyo. Lakini pia akumbuke kwamba Al-Rushaidi ni wa kizazi kilichokua kikimtazama Al-Habsi kila Jumamosi.

Akilinganishwa na wana wa Afrika Mashariki

Kwa kuwa wengi wetu tuna nyumba mbili, swali la Mbwana Samatta huja lenyewe. Samatta alitwaa ubingwa wa klabu za Afrika 2015 akiwa na TP Mazembe, akachaguliwa mchezaji bora wa mwaka huo kwa wanaocheza ndani ya Afrika, akawa bingwa wa Ubelgiji 2019 na Genk, na Januari 2020 akawa Mtanzania wa kwanza katika Ligi Kuu ya Uingereza. Alifunga katika mechi yake ya kwanza ya ligi kwa Aston Villa, na akafunga katika fainali ya Kombe la Ligi, Wembley, tarehe 1 Machi 2020, ingawa Villa walifungwa 2–1 na Manchester City. Kabla yake Mkenya Victor Wanyama alitoka Celtic kwenda Southampton mwaka 2013, kisha Tottenham, na kukaa katika ligi hiyo misimu kadhaa.

Samatta ana makombe mengi kuliko Al-Habsi. Wanyama alichezea klabu kubwa zaidi. Al-Habsi alitangulia wote wawili kufika Ligi Kuu. Kinachowaunganisha watatu ni njia: hakuna aliyeruka moja kwa moja. Mmoja alipita Norwei, mmoja Ubelgiji na Kongo, mmoja Ubelgiji na Skotilandi. Mzazi mwenye mtoto wa mpira na alizingatie hilo kabla ya kumlipia wakala anayeahidi London kwa mwezi mmoja.

Kupendwa kwake

Samatta aliposajiliwa Villa, Watanzania walizimiminikia kurasa za klabu hiyo kwa maelfu. Wakati wa Al-Habsi Bolton mitandao ilikuwa bado michanga, na kupendwa kwake kulionekana kwingine: katika mikahawa ya Maskati iliyofunguliwa kwa ajili ya mechi za Wigan, timu ambayo kabla yake wengi hawakuijua hata kwa jina, na katika watoto wa mitaani waliokubali kusimama golini. Wazee wanajua kwamba zamani golini aliwekwa mtoto asiyejua kucheza.

Liko na la nje ya uwanja. Al-Habsi ni miongoni mwa waanzilishi wa Safety First, taasisi ya Omani ya usalama barabarani. Katika nchi hizi kila familia ina jina la kijana aliyekwenda kwa gari na hakurudi. Mchezaji maarufu angeweza kulikopesha jina lake kwa manukato au simu. Yeye aliliweka katika mikanda ya usalama na mwendo wa pole.

Hesabu ya mwisho

Upande wa kutoka: miaka mingi ya benchi, kushuka daraja, fainali zilizoponyoka, hakuna Kombe la Dunia. Upande wa kuingia: kipa bora wa Norwei, kipa bora wa Ghuba mara nne, ubingwa wa kwanza wa nchi yake bila kufungwa bao, mechi zaidi ya 100 katika ligi ngumu, na heshima aliyoibakisha kila alikopita.

Kuna mstari mmoja ambao sijui niuandike upande gani. Tangu Wigan waliposhuka mwaka 2013, hajatokea Mwomani mwingine aliyecheza Ligi Kuu ya Uingereza. Mlango aliupita, lakini nyuma yake hajapita mtu. Sababu si moja: sheria za vibali zimebaki ngumu, klabu za Ghuba hulipa vizuri kiasi cha kumfanya kijana asione haja ya kwenda kuganda Oslo, na akina Burridge si wengi. Vijana wanaouliza Al-Habsi alitwaa makombe mangapi wataendelea kuuliza, na ni sawa. Wakishajibiwa, nao waulizwe nani kati yao yuko tayari kwenda kungoja benchi miaka minne katika baridi, akiamini kwamba zamu yake itafika.